Chama cha vijana kuhamia kwenye mfumo wa mtandaoni: Kigoma waanzie wapi?

Swali

Mimi ni katibu wa chama chetu cha vijana mkoa wa Kigoma. Tuna matawi kila wilaya: mengine yako shuleni, mengine mitaani, mengine vijiji vya mwambao huko Uvinza. Makao makuu wametuambia kuanzia Januari mambo yote ya uanachama yatakuwa kwenye mfumo mpya wa mtandaoni: kujisajili, kulipa ada, kupata kitambulisho, kuomba nafasi za kambi. Tumebakiwa na miezi mitatu. Majina yetu yako kwenye kaunta buku, kwenye Excel za makatibu waliopita na kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuanzie wapi? Na watoto wa shule za msingi, na wenzetu wa Kalya ambako simu janja ni za kuhesabu, tuwafanyeje?

Jibu

Dada Katibu, pole na kazi. Hata kama huna muda wa kusoma mengine yote, naomba uchukue hili moja: miezi mitatu uliyonayo ni ya daftari. Mfumo wenyewe wanaujenga makao makuu, na ukiwa na kasoro watahangaika nao wao. Lakini hakuna fundi wa Dodoma wala Dar es Salaam atakayejua kwamba Hamisi Juma wa tawi la Gungu na Khamis J. Hamis wa sekondari moja ya Ujiji ni kijana yuleyule aliyehama shule. Hilo mnalijua ninyi peke yenu. Jina bovu likiingia kwenye mfumo litatoka bovu kwenye kitambulisho, kwenye risiti na kwenye orodha ya kambi, na kila mahali litamsumbua mtu. Leo linasahihishwa kwa kalamu. Januari litahitaji maombi, barua na kusubiri.

Kalenda ndiyo itakayowabana kuliko kitu kingine. Darasa la saba wamemaliza mtihani Septemba na wameshatawanyika makwao. Kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa Novemba, na wakishatoka hapo kila mtu anashika njia yake: mmoja anakwenda kwa shangazi Tabora, mwingine anashuka Dar es Salaam kutafuta maisha. Mapema Desemba shule zinafungwa kabisa. Kwa hiyo matawi ya shule yapate Oktoba nzima, na ndani ya shule kidato cha nne watangulie wote. Wakishaondoka bila namba ya simu ya uhakika, mmewapoteza, na hao ndio waliokaa na chama muda mrefu kuliko wengine. Darasa la saba watafuteni kupitia kitongoji. Viongozi wa matawi wanajua nyumba zao.

Kwa mwambao angalieni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, vijana wako nyumbani, wanatengeneza nyavu na wana muda wa kukaa kikao. Safari ya mtumbwi kwenda Buhingu, Kalya au upande wa kaskazini Kagunga ipangwe kwa siku hizo, la sivyo mtafika mkute wazee na watoto. Vijiji vya milimani Buhigwe na Kakonko msiviache mpaka Desemba, maana mvua ikishashika pikipiki zinakwama, na wakati huo vijana wenyewe wako mashambani.

Sasa orodha yenyewe.

Msikusanye kaunta buku zote mkoani mkaanza kuchapa. Mtachapa uchafu wote, kisha mtausafisha kwa macho ya mtu asiyewajua wahusika. Usafi ufanyike tawini. Mwenyekiti, katibu na mhazini wa tawi wakae na daftari lao, wapite jina kwa jina, na mbele ya kila jina waweke alama moja kati ya nne: yupo, amehama, ameacha, hatujui. Alama ya nne ni muhimu sana, kwa sababu kiongozi asipopewa nafasi ya kusema hajui ataandika "yupo" ili mambo yaishe.

Kwa matawi ya shule kuna tatizo linalojirudia. Mwalimu mlezi mara nyingi ni mmoja kwa vikundi vyote: skauti, klabu ya mazingira, klabu ya kupinga rushwa. Kigoma ni mkoa wa hifadhi ya Gombe, na klabu za Roots & Shoots, zilizoanzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa juhudi za mtafiti wa sokwe Jane Goodall, zimepita kwenye shule nyingi za huku. Mtoto mmoja anaweza kuwa kwenye vikundi vitatu, na mlezi anaandika majina ya vikundi vyote kwenye daftari moja. Msilichukue daftari la mlezi kama orodha yenu mpaka yeye mwenyewe awaonyeshe nani ni wa chama chenu.

Jina liandikwe matatu, la kwanza, la baba na la babu, kila moja kwenye safu yake. Tahajia ifuate rekodi ya shule kwa mwanafunzi, maana ndiyo itakayoonekana kwenye cheti chake cha mtihani, na kwa mtu mzima ifuate kitambulisho. Ujiji peke yake mna akina Hamisi Juma Hamisi wa kutosha kuwachanganya mwaka mzima, kwa hiyo jina halitoshi kumtenganisha mtu. Mpeni kila mwanachama namba ya chama: herufi za mkoa, za wilaya, namba ya tawi, kisha namba yake. Namba hiyo ibaki yake hata akihama tawi. Msitumie namba ya simu kama utambulisho wa mtu. Laini nyingi za vijana zimesajiliwa kwa jina la mama au kaka, na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu inaweza kumpa mteja mwingine.

Tarehe ya kuzaliwa isipojulikana, iacheni wazi na muiwekee alama. Nimeona orodha nyingi za vyama ambamo robo ya watu wamezaliwa tarehe 1 Januari. Mtu mmoja alichoka kuuliza, akajaza. Kwa chama cha vijana tarehe hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha mtoto na mtu mzima, na ndiyo itakayomwambia mwanachama lini amevuka umri wa ujana kwa katiba yenu.

Mkishafika kwenye kompyuta, kuna mitego ya Excel ambayo inaharibu kazi ya wiki nzima kimyakimya, na naomba kila mchapaji aisome sehemu hii kabla hajaanza. Ukiandika 0754 na kuendelea, Excel inadhani ni hesabu na inaiondoa sifuri ya mbele. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni mbaya zaidi: ina tarakimu 20, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiiandika mfululizo, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena, hata ukifanya nini. Tiba ni moja: kabla ya kuchapa chochote, chagua safu ya simu na safu ya NIDA, kisha uiambie Excel kwamba hayo ni maandishi na si namba. Ukisubiri mpaka umeshachapa, umechelewa. Namba ya NIDA ina faida nyingine pia: tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ikigongana na tarehe mliyoandika, mmoja kati yao amekosea.

Tarehe nazo zinageuka kwa kutegemea mipangilio ya kompyuta. Tarehe 3 Aprili kwenye kompyuta yako inaweza kuwa 4 Machi kwenye ya mwenzako. Wekeni safu tatu: mwaka, mwezi, siku. Haipendezi machoni, lakini haidanganyi. Makao makuu wakishatoa kiolezo chao cha kupakia majina, ni rahisi kuziunganisha.

Kuhusu muda: mkiwa na wanachama 3,000 na kila jina likachukua dakika mbili, hizo ni saa 100 za kuchapa. Wachapaji wawili wakifanya saa tano kwa siku, ni siku 10 za kazi bila kukatika umeme. Linawezekana kabisa, mradi lianze mapema Novemba. Wiki ya Krismasi halitawezekana.

Kuna jambo moja ambalo hukuniuliza, lakini ndilo litakaloamua kama orodha yenu itakuwa ya kweli. Katika vyama vingi idadi ya wajumbe wa mkutano mkuu inatokana na idadi ya wanachama wa tawi. Tawi lenye majina 120 linapeleka wajumbe wengi kuliko lenye 60. Kama na kwenu ni hivyo, kiongozi wa tawi unayemwomba asafishe daftari unamwomba apunguze nguvu yake mwenyewe. Hatafanya, na mimi simlaumu. Kaeni kamati ya mkoa, mkubaliane na makao makuu, kwa maandishi, kwamba mkutano unaofuata utatumia idadi ya zamani, na idadi mpya itaanza kuhesabika baada ya hapo. Tangazeni hilo kabla hamjagusa daftari hata moja. Mtaona majina ya waliohama, ya waliofariki na ya waliooa wakaacha yakianza kujitokeza yenyewe, kwa sababu kusema kweli hakumgharimu mtu kitu.

Watoto sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi. Mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hata yule kijana wa kidato cha tano mwenye ndevu, kama hajatimiza 18, mzazi au mlezi wake ndiye anayesaini.

Fomu ya ridhaa iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Iseme chama kinachukua nini, kwa kazi gani, nani atakiona, na mzazi afanye nini akitaka jina la mwanawe liondolewe. Vijijini mtu asome fomu hiyo kwa sauti na kuifafanua kwa Kiha pale inapohitajika, kisha mzazi asaini au aweke dole gumba. Mkutano wa wazazi shuleni ni nafasi nzuri, ila ombeni kibali kwa mwalimu mkuu mapema, msitokee siku hiyohiyo. Mzazi akikataa, mtoto aendelee kuja kwenye shughuli za tawi kama kawaida na jina lake libaki kwenye daftari la tawi tu.

Wazazi wengi watauliza swali moja: kuna mkopo? Kuna msaada unakuja? Wana haki ya kuuliza. Mtu akipita na fomu kijijini, mara nyingi kuna mradi nyuma yake, na watu wanajua kwamba halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Semeni mapema, kabla ya fomu kugawiwa: huu ni usajili wa chama, hauna mkopo wala posho. Kuna watakaoondoka. Watakaobaki ndio wanachama wenu, na hawatakuja kudai kesho mlichowaahidi kwa kunyamaza.

Kwenye fomu ya mtoto punguzeni mnayouliza mpaka pasipunguzike tena. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, tawi, jina la mzazi na simu ya mzazi vinatosha. Dini haihitajiki, kabila halihitajiki, kipato cha wazazi hakihitajiki. Habari za afya, kama pumu au kifafa, zina kazi kambini tu. Ziulizwe kwenye fomu ya kambi husika, akae nazo mtu wa huduma ya kwanza, na kambi ikiisha ziteketezwe. Picha ya mtoto msiichukue mpaka makao makuu waseme kwa maandishi itaonekana na nani.

Naandika kwa uzito kuhusu hili kwa sababu ya tabia tuliyoizoea sote, ya kutupia orodha kwenye grupu. Katibu wa tawi anamaliza kazi yake nzuri, anapakia faili lenye majina, umri, shule na simu za watoto 80 kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 200 ambao nusu yao hamuwajui. Faili hilo haliwezi kurudishwa. Lina kila kitu ambacho mtu mwenye nia mbaya angehitaji ili ampigie binti wa miaka 14 na kumwita kwa majina yake matatu. Wekeni amri ya chama leo, kabla hata ya kikao cha kwanza: orodha inatoka kwa katibu wa tawi kwenda kwa msajili mmoja wa wilaya, moja kwa moja, faili likiwa limefungwa kwa nywila, na nywila inatumwa kwa njia nyingine. Anayevunja amri hiyo aondolewe kwenye kazi ya usajili.

Kuhusu wenzetu wasio na simu janja, msiwasubirishe mpaka wazipate. Kila tawi liwe na wasajili wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wanaoaminika na wenzao. Wao ndio watakaoingiza majina ya wengine kwa idhini yao. Wawili ni kwa sababu mmoja akisafiri kazi isilale, na kwa sababu mabinti wengi wanapenda kutoa taarifa zao kwa binti mwenzao. Bando lao lilipwe na chama. Tusiwategemee vijana wa Kalya wanunue intaneti kwa fedha ya dagaa ili chama kipate takwimu.

Kule ambako mtandao unapatikana kilimani tu, fomu ya karatasi ni chombo bora kuliko programu yoyote. Zipo programu za bure kama ODK zinazojaza fomu bila mtandao na kutuma baadaye, na ni nzuri. Kwa miezi mitatu, na wasajili ambao hawajawahi kuzitumia, mimi ningechagua karatasi. Msajili akishafika Uvinza mjini au Kigoma anaketi siku moja na kuingiza zote. Walimu walezi wengi wana vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 kisha wakapewa. Mnaweza kuomba kuvitumia, lakini kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na faili la majina lisibaki humo.

Barua pepe ni sehemu inayowaangusha vijana wengi, na chanzo chake kinajulikana. Kijana anakwenda steshenari kuomba mkopo wa elimu ya juu au kufungua akaunti ya Ajira, ule mfumo wa kuomba kazi serikalini. Mwenye steshenari anamfungulia barua pepe harakaharaka, anaweka namba yake mwenyewe ya simu, nywila anaijua yeye. Baada ya mwaka kijana hawezi kuingia popote. Kwenye usajili huu akitumia barua pepe ileile, kila ujumbe wa mfumo utakwenda kwa mtu wa steshenari. Kwenye kikao cha kila tawi tengeni nusu saa kila mwenye barua pepe ajaribu kuifungua kwa simu yake hapohapo. Asiyeweza, afungue mpya au asiandike yoyote. Na nywila mtu aichague mwenyewe, msajili asiiandike popote.

Hapo ndipo panapokuja maswali ya kupeleka makao makuu, na yapelekeni sasa, wakati mfumo bado unarekebishika. Je, mtu asiye na barua pepe atasajilika? Namba moja ya simu itakubali watoto wanne wa mama mmoja, au itamkubali wa kwanza na kuwakataa watatu? Msajili ataruhusiwa kumwingizia mwenzake, na je, ataingia kwa jina lake mwenyewe ili ijulikane nani aliandika nini? Kurasa ziko kwa Kiswahili? Zinafunguka kwenye simu ya bei ndogo yenye mtandao wa kusuasua? Katibu wa wilaya ataona majina ya wilaya yake tu, au ya nchi nzima? Taarifa zinatunzwa kwenye kompyuta za hapa nchini au nje? Na chama kimeshajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Swali la mwisho si la ubishi. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe, na anayetakiwa kujibu ni makao makuu, siyo wewe.

Swali la NIDA nimelitenga kwa sababu kwa Kigoma ni zito kuliko kwa mikoa mingine. Mfumo ukifanya namba ya NIDA kuwa lazima, utawafungia nje watoto wasio na namba hiyo. Utawafungia pia watu wazima wa mpakani ambao uhakiki wa uraia umewachelewesha kupata namba, na kama mna tawi kwenye kambi ya wakimbizi utawafungia vijana wa huko moja kwa moja. Waandikieni makao makuu kwamba sehemu hiyo iwe ya hiari. Vivyo hivyo sehemu ya uraia. Kama chama hakina kazi nayo, isiwepo, kwa sababu kwa kijana wa mkoa huu swali hilo lina hofu ambayo aliyeandika fomu akiwa mbali hawezi kuijua.

Ada. Hapa ndipo mhazini wa tawi anapotulia na kusikiliza kwa makini, na ndipo matawi mengi huanza kuvuta miguu. Mpaka sasa fedha inapita mkononi mwake: anakusanya, anabakiza sehemu ya tawi, anapeleka iliyobaki. Mfumo ukija, mwanachama analipa kwa simu na fedha inakwenda juu moja kwa moja. Sehemu ya tawi inarudi lini? Inarudi kwa akaunti gani? Kama hamna jibu la maandishi, msiwaambie wahazini kwamba mambo yatakuwa mazuri. Pelekeni hoja juu kwamba mgao wa tawi urudi kila mwezi kwa kiwango kinachojulikana, na kwamba mhazini aweze kukusanya taslimu kwa wasio na fedha kwenye simu, kisha alipe kwa mkupuo mmoja akiambatanisha majina. Hilo linapunguza pia makato, maana ada ndogo ya mwanafunzi ikilipwa moja moja inaliwa na makato ya muamala. Kitabu cha risiti kiendelee kutumika mpaka mwanachama aone malipo yake mwenyewe kwenye mfumo.

Matapeli nao watakuja. Siku mfumo ukitangazwa, ujumbe wa "ada ya usajili tuma kwenye namba hii" utaanza kuzunguka. Tangazeni namba moja rasmi ya malipo, ibandikeni kwenye ubao wa kila tawi, na mseme wazi kwamba chama hakipokei ada kwa namba ya mtu binafsi, hata awe mwenyekiti wa mkoa.

Kwa majaribio chagueni matawi mawili, moja la mjini na moja gumu kabisa, Kalya au Kagunga. Watu wengi hujaribu mahali penye mtandao mzuri na vijana wanaojua simu, wanafurahi, kisha wanashangazwa na mwambao. Mfumo ukimkubali mtu wa Kagunga, Mwanga na Gungu pale mjini hakutakuwa na neno. Mafunzo ya wasajili siku moja inatosha, wakija na majina yao halisi ya kuingiza badala ya kukaa wakitazama ukutani.

Kaunta buku zikishaingizwa, zifungiwe ofisini. Msizitupe, kwa miaka michache ya mwanzo ndizo mtakazorudi kuzitazama palipo na mgogoro. Lakini nakala za ziada, fomu zilizokosewa na machapisho ya majaribio yachomwe moto mbele ya mashahidi. Karatasi za ofisi zetu zinaishia sokoni kufungia karanga, na sitaki jina la mtoto na simu ya mama yake viishie huko.

Mwisho, ombeni kipindi cha mpito mpaka mwezi wa sita, na muombe kwa barua wiki hii. Katika kipindi hicho kadi ya karatasi iendelee kutambulika, na orodha ya tawi iliyosainiwa na viongozi wake ikubalike sawa na usajili wa mtandaoni kwa ajili ya kambi, mashindano na kupiga kura. Mtandao utakatika, majina yatakwama, fomu za mwambao zitachelewa. Kijana wa Kalya ambaye jina lake halijaonekana kwenye mfumo Januari apande mtumbwi kwenda kambini Pasaka pamoja na wenzake, na msajili aendelee kulifuatilia jina lake.